Pete ya Msumari wa Kwato

Tandiko la Biskuti lilikuwa na joto.

Mwalimu alipolishika mara ya kwanza alidhani joto ni la mkono wake mwenyewe, maana alikuwa ametoka kushika kikombe cha chai. Akaupangusa mkono kwenye suruali, akalishika tena kwa mkono wa pili, pale katikati mtu anapokalia. Joto. Blanketi la chini nalo lilikuwa na unyevu wa jasho la farasi huyo, jasho bichi ambalo halijakauka likaacha ule ungaunga mweupe.

Ilikuwa asubuhi, watoto wa kambi wako bwenini bado wanagombania sabuni. Hakuna aliyeruhusiwa kumtoa farasi zizini kabla ya kifungua kinywa. Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu baba yake, aliyeianzisha kambi hii, na sasa kambi ilikuwa mikononi mwake yeye binti. Kila likizo ndefu waliletwa watoto, wadogo kwa wakubwa, wengi wao farasi walimjua kwenye runinga tu. Yeye akawafundisha kupiga burashi, kufunga tandiko, kukaa, kutembea, na wale hodari kukimbia kwa mdundo. Kutwa nzima sauti yake ilisikika uwanjani: "Visigino chini! Nimesema visigino chini!" Watoto wakampachika jina la Mwalimu Visigino, naye akalizoea mpaka siku nyingine akaitika hata alipoitwa na watu wazima.

Akaviangalia vikuku, vile vyuma viwili vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye kanda zake kila upande wa tandiko. Jana jioni aliyempanda Biskuti mwisho alikuwa binti mmoja mkubwa, mrefu kama mlingoti, na vikuku vilikuwa vimeteremshwa chini kabisa. Sasa vilikuwa vimepandishwa juu.

Akafanya lile jambo ambalo kila mtoto hufundishwa siku ya kwanza ya kambi. Unaweka ncha za vidole juu, ukanda unapoanzia, halafu unakivuta kikuku kuja kwapani. Kikigusa kwapa, basi ukanda ni wa kipimo chako. Hiki hakikufika hata karibu na kwapa lake. Aliyekikanyaga alikuwa mtu mfupi. Akazunguka upande wa kushoto akapima tena, akakuta huko ukanda umepandishwa zaidi, matundu mawili mazima kuliko wa kulia.

"Haraka," alisema moyoni. "Wamefunga kwa haraka, kama wezi."

Halafu akainamisha uso karibu na ngozi ya tandiko akanusa. Chini ya harufu ya jasho na mafuta ya ngozi palikuwa na harufu nyingine, kali, yenye kafuri ndani yake. Dawa ya kuchua. Kambini hapo mtu mmoja tu alinuka dawa ya kuchua tangu asubuhi mpaka jioni, naye ni Nesi, aliyeajiriwa likizo hii kuwachua watoto walioanguka. Nesi mfupi, mwenye vishimo mashavuni, mcheshi.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita Mwalimu alilikuta blanketi lina unyevu akajisemea labda umande. Siku iliyofuata akamkuta Fundi anatoka zizini kwa Biskuti na kamba ya kuongozea begani, anapiga mluzi. Alipomwona tu, mluzi ukakatika.

"Unafanya nini mapema hivi?" alimuuliza.

"Napima mwendo wake," alijibu Fundi, akikwepa macho. "Nilimbadilishia viatu vya mbele. Nataka nione kama anakanyaga sawa."

Siku ile alimwamini, kwa kuwa alitaka kumwamini. Fundi alikuwa fundi wa kwato. Alizunguka kutoka zizi hadi zizi na kigari chake cha mizigo, fuawe nyuma, tupa na nyundo kwenye sanduku, akiwakata farasi kwato na kuwavisha viatu vya chuma. Kila likizo aliweka kituo hapa kambini. Mkubwa wa mwili, mpole wa mikono. Farasi mkorofi anayewang'ata wote alimpa mguu kama bibi harusi anayevishwa kiatu. Mwalimu alimpenda kwa mikono ile kabla hajampenda kwa maneno. Na siku Fundi alipomtaka uchumba hakwenda kwa sonara. Alichukua msumari mpya wa kwato, akautia motoni, akaukunja juu ya fuawe mbele ya macho yake, akausugua mpaka ukang'aa, akaupulizia upoe, ndipo akamvisha. Kichwa cha msumari kilikaa juu kama kijiwe. Watu walicheka pete gani hiyo. Yeye hakuivua hata akioga.

Lakini kabla ya Fundi alikuwepo mwingine, muuza pampu za maji, mtanashati, mwenye kusema vizuri. Yule alikuwa na mwanamke mwingine mwaka mzima. Jikoni walijua. Bwenini walijua. Hata mzee aliyekuwa akileta majani makavu ya farasi alijua. Mwalimu alikuja kujua wa mwisho kabisa, na kilichomuuma zaidi ya kuachwa ni zile nyuso zilizokuwa zikimwonea huruma miezi yote ile, naye anapita katikati yao akichekacheka. Alijiapiza kwamba wa mwisho hatakuwa tena.

Na kesho wazazi wa Fundi walikuwa wanakuja kusikia neno la Mwalimu. Ndiyo, au siyo.

Alishusha vikuku, akaenda jikoni.

Shangazi alikuwa kwenye jiko anakaanga mayai ya kundi zima. Mama alikuwa mezani anakata mkate, mguu wa kushoto ameunyoosha pembeni kwenye kiti cha pili kama kawaida yake. Mguu huo ulivunjika zamani, Mwalimu angali mtoto wa shule, Mama alipotupwa na farasi wa baba. Ulipounga ulikuwa umepungua urefu, na tangu hapo kiatu chake cha kushoto kilishonwa soli nene. Tangu hapo pia Mama hakumgusa farasi. Hata siku ya kufunga kambi, wazazi wote wakipandishwa farasi na kuongozwa na watoto wao, kama baba alivyoanzisha, Mama alikaa kwenye benchi anafuma sweta, uso kautazamisha upande wa jikoni. Mwalimu alifundisha mamia ya watoto kuwaongoza wazazi wao. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwongoza wa kwake.

"Kuna mtu anamtoa Biskuti alfajiri," alisema akivuta kiti.

Kisu cha Mama kilisimama katikati ya mkate.

"Mtoto gani huyo, tumrudishe kwao," alisema Shangazi.

"Si mtoto. Mtoto gani anaweza kumfunga Biskuti tandiko peke yake?"

"Basi ni mtu mzima." Shangazi aligeuza yai. "Na mtu mzima anayejua kufunga tandiko hapa ni wewe, na huyo Fundi wako."

"Vikuku vilikuwa vifupi. Fundi akikaa hivyo, magoti yatamgonga kidevu."

"Kwani mimi nimesema kakaa yeye? Mmoja anashika kamba, mwingine anakaa juu." Akashusha sauti, na alipokuwa akishusha sauti ndipo ilipofika mbali. "Jana nimewaona getini, yeye na Nesi. Wanacheka! Nesi kaegemea gari, anampa kichupa. Nikajisemea, mimi simo."

"Kichupa cha nini?"

"We binti, mimi ningejuaje? Nilikuwa mbali. Nilisogea kidogo tu."

"Mama," alisema Mwalimu. "Wewe unasemaje?"

"Nasema ule mkate."

"Mama!"

"Mimi nilishasema yangu tangu mwanzo." Mama aliendelea kukata, vipande vikitoka vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. "Mwanamume anayelala leo hapa kesho kule, sikumtaka. Mwanangu atakaa na mume au na vumbi la gari? Hilo nimelisema, silirudii. Lakini haya ya farasi siyajui. Mimi na farasi tuliachana zamani."

Hakumtazama. Mama, ambaye akiwa na la kukuambia hukukazia macho mpaka ukatafuta pa kujificha, alisema yote hayo kwa mkate. Kisha akajimiminia chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu kwenye kisahani.

"Anajua," Mwalimu aliwaza. "Mama anajua na ananihurumia. Wote wanajua." Yale yale. Jikoni ile ile.

Akaacha chai, akatoka.

Fundi alikuwa kwenye kivuli cha banda lake la kazi, ameinama, mguu wa nyuma wa farasi mmoja mzee ameuweka mapajani, anaupiga tupa. Vipande vya kwato vilimwangukia miguuni kama maganda.

"Asubuhi hii ulikuwa wapi?"

"Hujambo na wewe," alisema Fundi bila kuinua kichwa, huku akitabasamu.

"Sijambo. Ulikuwa wapi?"

Tabasamu likapungua. Aliuteremsha mguu wa farasi polepole mpaka ukagusa chini, akanyoosha mgongo, mikono kiunoni. "Nilikuwa hapa."

"Na nani?"

"Na farasi."

"Na juu ya farasi kulikuwa na nani?"

Fundi alimtazama kwa macho yale ambayo siku nyingine yalimfanya asahau alichokuwa anasema, na Mwalimu akayakwepa, akatazama ukosi wa shati lake, ambako kulikuwa na alama ya mkono. Mtu alikuwa amemshika begani kwa nguvu, mtu mwenye mkono mdogo wenye mafuta. Harufu ya kafuri ilimfikia pale alipo.

"Mpenzi," alisema Fundi, "hilo nisamehe. Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Si ndilo hilo hilo jina unalolitafuta?"

"Usinifanyie ujanja! Mwanamke au mwanamume?"

Fundi aliipangusa tupa kwenye aproni yake.

"Haya, basi ni mwanamke." Alicheka kicheko kisicho na raha. "Na uliposema unapima mwendo wa viatu vipya, hukuwa unapima."

"Nilikudanganya siku ile," alisema Fundi, na uso ulimshuka. "Nilikosa la kusema likanitoka. Lilinikaa vibaya wiki nzima. Ndiyo maana leo sikuambii uongo wala sikuambii kweli. Nangoja. Ngoja na wewe, leo tu. Jioni ikifika utajua."

"Jioni! Kesho wazazi wako wanakuja, mimi ningoje jioni kuambiwa mwanamke gani anatoka na wewe alfajiri?"

Bahati mbaya, wakati huo huo Nesi alikuwa anakatiza kwenda uwanjani na kisanduku chake cha dawa.

"Nesi! Njoo mara moja, tafadhali."

Nesi alikuja anatabasamu, akaziona nyuso, tabasamu likaishia njiani. Akasimama mbali, yule farasi mzee akiwa katikati yake na wao.

"Wewe ndiye unayempanda Biskuti alfajiri?"

"Mimi?" Nesi aligeuka akatazama nyuma, kana kwamba kuna Nesi mwingine. "Juu ya farasi? Mwalimu, mimi hata farasi wa kuchongwa wa kwenye bembea siwezi kumkalia. Mbona kila siku nazunguka uzio kwa nje? Hapa nilipo miguu inatetemeka, na huyu babu hana meno!"

"Na kichupa ulichompa getini?"

"Dawa ya kuchua. Aliniomba."

"Ya kumchua nani?"

"Sikuuliza. Nilidhani mgongo wake, mtu kutwa kainama!" Nesi alimgeukia Fundi. "Kwani si mgongo?"

Fundi hakujibu. Na kule kutojibu, mbele ya mtu wa pili, ndiko kulikomaliza kazi. Mwalimu hakumwamini Nesi. Alimwona anakana kwa maneno mengi mno, na vishimo vya mashavuni vilikuwa vinachezacheza. Hakumwamini Fundi. Hakuuamini hata moyo wake mwenyewe, uliokuwa ukimwambia atulie kwanza.

Alivuta pete. Ilikuwa haijavuliwa muda mrefu, ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Akailowesha mate, akaivuta tena mpaka ikatoka na kuacha mstari mweupe. Sanduku la misumari la Fundi lilikuwa wazi juu ya fuawe, limejaa misumari ya kwato, mamia kwa mamia, yote ya namna moja. Akaitupia humo. Ilitoa mlio mdogo tu, ikazama.

"Waambie wazee wasichoke na safari," alisema.

Fundi alilitazama sanduku, akamtazama yeye.

"Sawa," alisema mwisho. "Siwezi kumwacha mzee huyu na viatu vitatu. Nikimaliza huu mguu nafunga vitu vyangu." Akainama, akaunyanyua mguu wa farasi, akauweka mapajani. Lakini tupa haikusikika kwa muda mrefu.

Kwenye kona ya banda, Shangazi, aliyekuja kutafuta kuni ambazo hazikuwahi kukaa huko, alishika kanga yake akaondoka mbio kuelekea jikoni.

Wazazi walianza kuingia baada ya chakula cha mchana. Magari yakajipanga kando ya uzio, kina mama wakashuka na viatu visivyofaa, kina baba wakajifanya hawaogopi. Mwalimu alikuwa uwanjani na filimbi shingoni, uso kaunawa kwa maji baridi. Macho yalikuwa mekundu. Aliwaambia watoto ni vumbi.

"Mwalimu, pete yako iko wapi?" aliuliza binti mmoja mdogo, mwenye mdomo usiopumzika, ambaye wenzake walimwita Kasuku.

"Nimeiweka."

"Umeiweka wapi?"

"Kasuku, kamshike farasi wako."

Kasuku akaenda kumwongoza baba yake, bwana mmoja wa tumbo, aliyekumbatia shingo ya farasi kwa mikono miwili tangu hatua ya kwanza. "Baba, visigino chini!" Kasuku alipiga kelele. "Baba, kaa wima! Baba, anakunywa tu maji, hakuli!" Uwanja mzima ulicheka. Mwalimu naye alicheka kwa mdomo. Jicho lake moja lilikuwa kwenye banda, ambako Fundi alikuwa anapandisha fuawe kwenye gari.

Jicho hilo halikumwacha Nesi pia. Nesi alikaa nje ya uzio, mbali, kisanduku mapajani. Hata mara moja hakutazama upande wa gari. "Anajizuia," Mwalimu aliwaza. Halafu akawaza, "Au hana la kutazama." Wazo hilo la pili alilifukuza, likarudi.

Benchi la Mama lilikuwa tupu. Sweta na sindano zake zilikuwa juu yake, zimeachwa.

Mara vicheko vya watu vikapungua, vikaisha. Mwalimu akageuka.

Mlango wa zizi ulikuwa wazi, na Mama alikuwa anatoka humo amemshika Biskuti kwa kamba. Alikuwa amevaa suruali ya kazi ya marehemu, ameikunja chini mara kadhaa, na kofia ngumu ya watoto yenye picha ya kipepeo ubavuni. Alichechemea taratibu, soli nene ikigonga chini, na Biskuti naye akapunguza hatua zake zilingane na za Mama, kama farasi aliyezoea kutembea naye.

Shangazi alimfuata nyuma, mikono kichwani. "Wifi, rudi! Wifi, mimi nilikuambia tu, sikukutuma!"

Mama hakurudi. Alipofika usawa wa gari, alisimama.

"Wewe Fundi. Acha kufunga mizigo, uje unipandishe."

Fundi alitua alichobeba. "Mama, tulisema mpaka mwisho, watu wakiwa wamepungua."

"Tulisema mengi. Na wewe ungeweza kusema neno moja asubuhi, ukabaki na mchumba wako. Kwa nini hukusema?"

"Uliniapisha."

"Nilikuapisha, ndiyo. Sikukuambia ufe nalo." Mama alikaza mkanda wa kofia. "Njoo."

Fundi akaja. Akaweka goti moja chini kwenye vumbi, akatanguliza kiganja, Mama akamshika begani kwa mkono wake mdogo, pale pale kwenye ukosi, akapanda. Akakaa. Akaingiza mguu wa kulia kwenye kikuku. Ule wa kushoto Fundi aliushika mwenyewe kama anavyoshika kwato, akauingiza kwa upole. Ukanda wa kushoto ulikuwa umepandishwa tena, matundu mawili mazima kuliko wa kulia.

Mwalimu aliuona ukanda ule. Alikuwa ameupima kwa mkono wake. Aliyekuwa akijisifu kwamba akitazama tandiko anajua nani alikaa juu yake, asubuhi alikuwa ameutazama ukanda wa mguu wa mama yake mzazi, mguu aliokulia nao nyumba moja, akasoma humo haraka za wezi.

Miguu ilimpeleka mpaka pale bila yeye kuituma.

"Mama, ni wewe?"

"Ulitaka awe nani?" Mama alikuwa ameshika shingo ya Biskuti, vidole vimekaza, midomo mikavu. "Kila mwaka nakaa kwenye lile benchi nasikia watoto wa watu wanawaambia mama zao visigino chini. Na wangu ananitazama kwa jicho la pembeni, anajifanya hanitazami. Sasa unaolewa. Nikasema kabla hujaenda, unizungushe na mimi mara moja."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ndiye mwalimu!"

"Nianguke mbele yako tena? Uliniona mara moja, ukalia mpaka ukapata homa. Nilimchagua yeye kwa sababu simpendi. Nikianguka mbele ya mtu nisiyempenda, nitaona aibu gani?" Akamtupia Fundi jicho. "Nilianguka, juzi. Mara moja tu, kwenye majani. Hakucheka, hakunihurumia. Alinipangusa kama anavyompangusa farasi, akaniletea dawa ya mguu, akaniambia, 'Mama, mara nyingine ukianguka niambie kwanza, nikae vizuri.' Mimi nilikuwa nangoja acheke nipate sababu. Sababu sikuipata."

"Na asubuhi, mezani, ukanyamaza?"

Mama aliinamisha kofia yake ya kipepeo. "Niliona haya, mwanangu. Nikadhani utanuna kidogo, mchana nitakushangaza, yaishe. Sikujua utavua pete. Hilo ni langu, si lake."

Mwalimu alimgeukia Fundi. Alikuwa amesimama upande wa kushoto wa farasi, vumbi gotini, uso hausemi kitu. Hakuwa anatabasamu.

"Nisamehe," alisema Mwalimu.

"Nimesikia."

"Umesikia tu?"

"Asubuhi mimi niliomba jioni moja. Hukunipa." Alisema polepole, bila ukali, na ndivyo lilivyochoma zaidi. "Pete iko pale ulipoiweka. Sikuitoa. Ukiitaka, kaitafute mwenyewe. Mimi nitamshikia Mama."

Basi Mwalimu Visigino, mbele ya watoto wake na wazazi wao, alipanda nyuma ya kile kigari, akalifungua sanduku, akapiga magoti. Misumari ya kwato ina ncha. Alichota, akachambua, akamwaga kwenye aproni ya Fundi, akachota tena. Ilimchoma, akainyonya damu, akaendelea. Kila aliyoiona ikimeta ilikuwa msumari mnyoofu. Watu walianza kunong'ona. Zamani angekufa kwa minong'ono hiyo. Sasa aliisikia kama mvua juu ya bati, akaiacha inyeshe. Shangazi alikuja kutaka kusaidia, akamwambia, "Hapana, Shangazi. Hili nililitupa mwenyewe." Nesi alijongea mpaka kwenye gurudumu, karibu kuliko alivyowahi kumkaribia farasi, akaweka pamba na chupa ya dawa ukingoni.

"Asante," alisema Mwalimu. "Na wewe nisamehe."

"Mimi usijali," alisema Nesi. "Tena nimefurahi kudhaniwa najua kupanda."

Ilikuwa chini kabisa, pembeni, imenasa kati ya misumari miwili. Aliitoa, akashuka, akarudi pale alipo Biskuti. Aliishika kwenye kiganja chenye damu. Hakuivaa.

Fundi aliitazama. "Na siku nyingine ukikuta tandiko lina joto?"

"Nitauliza."

"Utamuuliza nani? Shangazi?"

"Wewe."

"Na nikikuambia siwezi kusema?"

Mwalimu alifikiri. Angeweza kujibu upesi, lakini majibu ya upesi alikuwa amemaliza akiba yake asubuhi. "Nitanuna," alisema. "Nitanuna sana, nitakunyima na chai. Moyoni nitashuku, kushuku sijui kama kutaniisha. Lakini pete sitaivua."

Pembe ya mdomo wa Fundi ikapanda kidogo. "Chai unaninyima mpaka lini?"

"Mpaka useme."

"Mtihani huo."

Akachukua pete, akaisugua kwenye shati lake, akaipulizia kama siku ile ilipotoka motoni. Kidole kilikuwa kimevimba; iligoma. Akaisukuma taratibu, akizungusha, mpaka ikakaa juu ya ule mstari mweupe. Hakukiachia kidole, na Mwalimu hakukiomba.

"Nyie," alisema Mama kutoka juu. "Kuna mtu ananizungusha au nilale huku huku?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu alifuta macho kwa mkono wa shati, akaichukua kamba, akasimama mbele ya Biskuti. Safari hii pia yeye ndiye aliyefichwa mpaka mwisho. Alingoja ile aibu ya zamani ije. Haikuja.

"Visigino chini, Mama."

"Kimoja kiko chini. Hiki kingine kinashuka kinapoweza."

"Kinatosha. Tazama mbele."

Wakaondoka, yeye mbele na kamba, Fundi upande wa kushoto, mkono wake chini ya kile kiatu cha soli nene. Walipofika kwenye kona ya benchi Mama aliinama kidogo kumwelekea Fundi.

"Wazazi wako wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa, Mama."

"Wapigie basi. Waambie wasichelewe."